KWA BAISKELI KUTOKA BABATI: UPEPO UNATUFUNDISHA NINI?

Leo tunakualika safarini. Huhitaji nauli ya basi. Unahitaji baiskeli nzima, miguu yenye nguvu, maji ya kunywa na siku moja ya kiangazi. Utatoka mjini Babati asubuhi na mapema. Utapita vijiji vilivyo kusini magharibi ya mji. Utafika Riroda, kwenye msitu wa Duru-Haitemba. Kisha utarudi mjini kabla ya giza.

Utakwenda peke yako, na mwenzako njiani atakuwa upepo. Usimdharau mwenzako huyo. Atakuchosha, lakini pia atakuonyesha jambo ambalo mtu aliyekaa ndani ya gari halioni.

MJI ULIO NJIA PANDA

Babati ni makao makuu ya Mkoa wa Manyara. Mkoa huu ulianzishwa mwaka 2002. Kabla ya hapo sehemu hii yote ilikuwa ndani ya Mkoa wa Arusha.

Mji uko njia panda. Barabara moja inakwenda kaskazini, hadi Magugu na Arusha. Nyingine inakwenda kusini, hadi Bonga, Kondoa na Dodoma. Ya tatu inakwenda magharibi, hadi Dareda, Katesh na Singida. Zamani barabara ya Dodoma ilikuwa ya vumbi, na wakati wa masika magari yalikwama kwenye tope. Lami yake ilizinduliwa mwaka 2018.

Mji ulio njia panda hukutanisha watu wengi. Wagorowa, ambao pia huitwa Wafyomi, ni wenyeji wa zamani wa hapa. Wairaqw walitoka upande wa Mbulu. Warangi walitoka upande wa Kondoa. Wabarbaig wanafuga ng'ombe hadi upande wa Hanang. Sokoni utawasikia wote, na wote wanaelewana kwa Kiswahili.

KABLA YA KUONDOKA

Mpeleke farasi wako wa chuma kwa fundi siku moja kabla ya safari. Usingoje asubuhi ya safari. Angalia mambo haya:

1. Breki. Zikamate kwa nguvu na usukume baiskeli mbele. Ikisogea, breki ni mbovu. Njiani kuna miteremko.

2. Tairi. Zijaze upepo vizuri. Tairi laini humchosha mtu haraka.

3. Mnyororo. Uwe safi na wenye mafuta kidogo. Mafuta mengi hukusanya vumbi.

4. Keria. Funga juu yake pampu, viraka, gundi na spana. Ukitoboka mbali na mji, fundi ni wewe mwenyewe.

Chukua pia lita mbili za maji na chakula kidogo. Vaa kofia yenye kamba ya kufunga chini ya kidevu. Kofia isiyofungwa haitafika Riroda.

UPEPO UNATOKA WAPI?

Ndugu msomaji, ondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wakati huo hewa ni ya baridi, na upepo bado haujapata nguvu. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mwezi wa Julai utahitaji sweta.

Nyuma yako, upande wa mashariki, umesimama Mlima Kwaraa. Kilele chake kinapita mita 2,400. Wakati wa kiangazi upepo mwingi hutoka upande huo, mashariki na kusini mashariki. Watu wa pwani wanauita kusi. Unatoka katika Bahari ya Hindi, unavuka nyika, unafika hata huku bara. Jua likipanda na ardhi ikipata moto, upepo huongezeka. Mchana ndipo unapovuma kwa ukali.

Sasa fikiri kidogo. Wewe unakwenda magharibi, na upepo unakuja kutoka mashariki. Maana yake ni kwamba wakati wa kwenda upepo unakusukuma, na wakati wa kurudi upepo unakuzuia.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tuseme unakwenda kilomita 15 kwa saa, na upepo ulio nyuma yako nao unakwenda kilomita 15 kwa saa. Usoni hutasikia kitu. Utadhani leo hakuna upepo kabisa. Utajisifu kwamba miguu yako ni hodari. Lakini ukigeuka na kurudi kwa mwendo ule ule, upepo utakupiga kama wa kilomita 30 kwa saa.

Tena kuna jambo jingine la kujua. Upepo unaokupiga ukiongezeka mara mbili, nguvu ya kukurudisha nyuma huongezeka mara nne. Siyo mara mbili, bali mara nne. Ndiyo maana mtu aliyekwenda kwa saa mbili anaweza kurudi kwa saa nne, naye amechoka hoi.

Basi weka kanuni hii moyoni: usipime safari kwa urahisi wa kwenda. Ipime kwa ugumu wa kurudi.

ZIWA LISILOSAHAU

Ukishika barabara ya Singida, Ziwa Babati liko upande wako wa kushoto. Asubuhi maji yake yametulia. Utaona wavuvi, ndege wa majini na matete. Ukiwa na bahati utaona migongo ya viboko, kama mawe meusi majini.

Ziwa hili si kubwa, na kina chake ni kifupi. Halina mto wa kudumu wa kutoa maji yake. Mvua ikizidi, ziwa hujaa na kutafuta njia. Mwaka 1990 lilifurika na maji yakaingia mjini. Lilikuwa limefurika pia mwaka 1964 na mwaka 1979.

Mvua kubwa ndiyo hujaza ziwa. Lakini mvua haiangukii ziwani peke yake. Huanguka pia milimani na mashambani, halafu hushuka. Mahali penye miti na nyasi, maji hushuka polepole na mengine huingia ardhini. Mahali palipo patupu, maji hukimbia na kubeba udongo. Udongo huo hutua ziwani. Ziwa lenye udongo mwingi lina nafasi ndogo ya maji.

Likumbuke ziwa hili. Tutarudi kwake jioni.

MASHAMBA MAWILI

Sasa acha lami. Shika njia ya vumbi ya kwenda vijijini, kusini magharibi. Ukiwa na shaka, uliza. Usione haya. Simama, shuka kwenye baiskeli, usalimie kwanza. "Shikamoo mzee." "Marahaba, mwanangu. Watoka wapi na upepo huu?" Ukijibu vizuri utaonyeshwa njia, na pengine utapewa na maji.

Hapa upepo unaanza kufundisha. Njia za vijijini hazinyooki. Zinazunguka vilima na mashamba. Mara upepo uko nyuma, mara uko ubavuni. Upepo wa ubavuni ni hatari kuliko wa mbele. Unaweza kukusukuma ghafula kwenye mchanga au mbele ya bodaboda. Shika usukani kwa mikono miwili, punguza mwendo, na usibebe mzigo mpana.

Utapita kwanza shamba tupu. Mahindi yamevunwa, mabua yameliwa na ng'ombe, ardhi iko uchi. Hapo upepo unakuja bila kizuizi. Vumbi linaingia machoni na mdomoni. Usilionee vumbi hilo hasira bure, bali ulijue jina lake. Vumbi hilo ni udongo wa juu wa shamba. Ndio wenye rutuba. Mkulima alikuwa na udongo huo jana, na leo umo machoni mwako.

Endelea mbele kidogo. Utafika kwenye shamba la mbaazi. Ghafula baiskeli inatulia. Vumbi linapungua. Unaweza kupumua. Kwa nini?

Wakulima wengi wa Babati hupanda mbaazi pamoja na mahindi. Mahindi huvunwa kwanza. Mbaazi hubaki shambani, zimesimama na majani yake, zikingoja kuvunwa baadaye. Mizizi yake huenda chini sana na kupata unyevu. Majani yanayoanguka huwa mbolea. Wakati wa upepo mkali, mmea huu ndio ukuta wa shamba.

Lakini mkulima hapandi mbaazi kwa ajili ya upepo. Anapanda ale na auze. Mbaazi nyingi za Tanzania zilikuwa zikinunuliwa India. Mwaka 2017 India iliweka mipaka ya kununua mbaazi kutoka nje, na bei ikaanguka vibaya. Mkulima akivunjika moyo na kuacha mbaazi, ardhi yake nayo inabaki bila nguo. Kwa hiyo jambo lililoamuliwa mbali, ng'ambo ya bahari, linaweza kugeuka vumbi katika njia ya Riroda. Tusimlaumu mkulima haraka. Tufikiri pamoja naye.

Miti nayo husaidia hivyo hivyo. Mstari wa miti yenye urefu wa mita 10 hupunguza upepo kwa umbali wa mita 100 hivi nyuma yake. Ukipita nyuma ya mstari wa migrivea utalijua jambo hili bila kufundishwa na mtu. Miguu yako itakuambia.

MSITU WA VIJIJI

Njia inaanza kupanda. Baiskeli isiyo na gia inakuwa nzito. Shuka uisukume. Kushuka si aibu. Mbele yako sasa ni vilima vyenye msitu wa miombo.

Usiingie msituni kama mwizi. Pita kwanza ofisi ya kijiji. Jitambulishe kwa mwenyekiti au kwa mtendaji, useme umekuja kutembea. Msitu huu una wenyewe.

Ndugu msomaji, habari ya msitu huu inajulikana hata nje ya nchi yetu. Duru-Haitemba ni msitu wa hekta 9,000 hivi. Unazungukwa na vijiji vinane, na Riroda, Duru na Ayasanda ni baadhi yake. Katika miaka ya 1980 serikali ilianza kuupima ili uwe hifadhi ya serikali. Wanavijiji waliona kwamba msitu unawatoka. Mtu akiona kitu si chake tena, hana sababu ya kukitunza. Watu wakazidi kukata na kulima ndani yake. Serikali nayo haikuwa na walinzi wa kutosha. Msitu ukawa kama mali ya yatima.

Ndipo njia nyingine ikatafutwa. Mwaka 1994 wanavijiji na maofisa walikaa wakazungumza. Vijiji vilisema: tuachieni, tutautunza wenyewe. Wakakubaliana. Kila kijiji kikapewa sehemu yake yenye mpaka unaojulikana. Kila kijiji kikachagua kamati na walinzi kutoka miongoni mwa watu wake. Kila kijiji kikatunga sheria ndogo, na mwaka 1995 sheria hizo zikapata nguvu kisheria. Zilisema ni lipi linaruhusiwa na lipi limekatazwa. Kuokota kuni kavu kwa ajili ya jikoni si sawa na kuchoma mkaa. Kutafuta dawa si sawa na kufyeka shamba jipya.

Mti wa miombo una tabia njema. Ukikatwa na kisha kuachwa kwa amani, kisiki chake huchipua. Kwa hiyo msitu uliochoka uliweza kupona bila watu kupanda hata mche mmoja. Uliomba jambo moja tu, nalo ni kuachwa upumue.

Mfano huu ulisaidia nchi nzima. Sera ya Misitu ya mwaka 1998 na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 zilikubali kwamba kijiji kinaweza kumiliki na kuhifadhi msitu wake. Leo vijiji vingi vya Tanzania vina misitu ya namna hiyo. Babati ilikuwa miongoni mwa walioanza.

SIMAMA USIKILIZE

Sasa egemeza baiskeli kwenye mti, ukae.

Utasikia upepo juu, kwenye matawi. Unavuma kama maji ya mto. Lakini chini ulipokaa, majani makavu hayasogei. Kofia yako iko kichwani. Jasho linakauka taratibu. Ni upepo ule ule uliokutia vumbi machoni kwenye shamba tupu. Haujapungua. Umezuiwa.

Ukija mwezi wa Septemba au Oktoba, utaona majani machanga ya miombo yana rangi nyekundu, kama moto usiounguza. Miti hiyo hutoa majani kabla ya mvua kufika. Na mahali palipo wazi juu ya kilima, kukiwa hakuna ukungu wala vumbi, tazama upande wa magharibi. Utauona Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400.

Kula chakula chako. Kunywa maji. Lakini usilale. Tazama saa.

KURUDI

Ikifika saa saba mchana, geuza baiskeli. Usingoje saa tisa. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, na upepo sasa uko mbele yako.

Mtu anayerudi Babati mchana wa kiangazi afanye hivi:

Asishindane na upepo. Aende polepole, kwa mwendo mmoja. Anayekanyaga pedali kwa hasira huishiwa nguvu katikati ya njia.

Ainame kidogo. Kifua kilichosimama wima ni kama tanga la jahazi. Koti lililofunguliwa nalo ni tanga. Alifunge.

Apumzike mahali penye kinga, nyuma ya miti, nyuma ya mbaazi, au nyuma ya ukuta wa shule. Asipumzike penye upepo, maana hapo mwili hupoa bila kupata nguvu.

Anywe maji kabla ya kuona kiu. Upepo hukausha jasho, na mtu hudhani hatoki jasho.

Akishindwa kuendesha, ashuke atembee. Atafika.

Utaona njia ile ile ya asubuhi imekuwa njia nyingine. Shamba tupu ulilolipita kwa dakika chache sasa linakula nusu saa. Utalijua kila shamba lenye miti na kila shamba lisilo na miti. Utawashukuru kimoyomoyo watu usiowajua, waliopanda mstari wa miti kando ya njia miaka mingi iliyopita. Huenda walitaka nguzo za nyumba tu. Kumbe walikuwekea kivuli na kinga.

Njiani unaweza kumwona kijana anayesukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa. Naye anaelekea mjini, naye anapigana na upepo, tena mzigo wake ni mkubwa kuliko wako. Usimcheke wala usimtukane. Jiulize mkaa huo unakwenda kwa nani. Unakwenda jikoni kwetu sisi wa mjini. Mji wa Babati unakua, na kila nyumba mpya ina jiko. Vijiji vikilinda msitu kwa mkono mmoja, na mji ukavuta mkaa kwa mkono mwingine, ni nani atakayeshinda? Jiko bora, gesi kwa anayeiweza, na miti ya kuni iliyopandwa nyumbani, hayo ni mambo ya mji kuyafikiri. Tusiwaachie watu wa Riroda peke yao.

ZIWA WAKATI WA JIONI

Ukiliona tena Ziwa Babati, ujue umekaribia. Sasa maji hayajatulia. Upepo umeyatia mawimbi madogo. Usikae hapo mpaka giza. Kiboko hutoka majini wakati wa usiku kwenda kula nyasi, naye hapendi kukutana na mtu kati yake na maji. Watu wa ufukweni wanalijua hilo vizuri. Hii ndiyo sababu tulikuambia ugeuze saa saba.

Kwaraa sasa uko mbele yako, umepigwa na jua la jioni. Taa za mji zinaanza kuwaka. Miguu inauma, midomo imekauka, nywele zimejaa udongo wa mashamba ya watu. Lakini umefika.

Ndugu msomaji, tulikuambia upepo utakuonyesha jambo. Ni hili. Mtu wa garini akipita anaona miti na anaona mahali pasipo na miti, basi. Vyote kwake ni sawa, kwa sababu kioo kimefungwa. Mtu wa baiskeli anaijua tofauti kwa mwili wake. Na udongo wa shamba uko kama mtu wa baiskeli. Hauna kioo. Unapigwa na upepo kila siku ya kiangazi, na mvua ikija unabebwa mpaka ziwani.

Watu wa vijiji vile vinane hawakuuzuia upepo usivume. Hakuna awezaye. Walikaa, wakakubaliana, wakaacha miti isimame. Nasi, kila mmoja kwenye shamba lake au kwenye kiwanja chake, tunaweza kuacha kitu kisimame.

Ukishasoma habari hii, msomee na jirani asiyejua kusoma. Kisha zungumzeni.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika kijiji chenu upepo wa kiangazi hutoka upande gani? Upande huo kuna miti?

2. Baada ya mavuno, ni kitu gani hubaki kimesimama katika shamba lako?

3. Kwa nini watu wa Duru-Haitemba walikata msitu walipoona unawatoka, na wakautunza waliporudishiwa? Je, kijiji chenu kina jambo linalofanana na hilo?